Kuku wa Manjano wa Kapinga

"Weye mutoto wa masomo, utuambie: kuku gani muzima iko na rangi kama hii?"

Swali hilo niliulizwa mchana kweupe, nyumbani kwetu kambini Kolwezi, mbele ya wazazi wangu, mbele ya wageni waliovaa nguo zao za Jumapili, na mbele ya dada yangu Kapinga ambaye siku ile ilikuwa yake, na sikuwa na jibu. Mimi! Mimi ambaye kambi nzima waliniita Juu-ya-nini, kwa sababu tangu utotoni sikuweza kuambiwa jambo bila kuuliza juu ya nini (juu ya nini tunasali kwa Kilatini, juu ya nini bomba la Wazungu lina maji kutwa na letu asubuhi tu, juu ya nini mtoto wa kike asile firigisi ya kuku), nilisimama pale mdomo wazi kama samaki wa Lualaba aliyetupwa ukingoni. Na laiti ningebaki hivyo, mdomo wazi tu! Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya mpaka leo, nikikikumbuka ghafla njiani, niongeze mwendo kama mtu anayefukuzwa.

Basi nielezeni mimi, ninyi wenye busara, kama kuna aibu inayozidi hii.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, wakati watu walipoanza kulitamka neno uhuru bila kwanza kutazama nyuma. Nilikuwa nasoma sayansi katika chuo kikuu kule Elizabetville, na wasichana weusi tuliokuwa pale tungeweza kuketi wote kwenye benchi moja na nafasi ikabaki ya kuweka vitabu. Likizo kubwa ilipofika nilipanda treni, nikapita Tenke nikila vumbi dirishani, nikarudi nyumbani nikiwa na kichwa kilichojaa. Tata, baba yangu, alikuwa dereva wa mashine mgodini. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, kwa hiyo tulikuwa watu wa kambi, watu wa king'ora na nyumba za matofali zilizofanana, lakini mambo ya ndoa kwetu yalibaki ya Kasai, na Tata hakucheza nayo.

Kapinga alikuwa ameposwa na Joseph, mwalimu wa shule ya msingi pale Manika, kijana mpole mwenye baiskeli aliyoisafisha kuliko viatu vyake. Walikuwa wamengoja sana. Kwanza walingoja baba zetu wapatane, halafu, karibu na siku yenyewe, kaka mkubwa wa Joseph, jina lake Albert, akaugua. Macho yake yaligeuka manjano, kisha ngozi, kisha viganja vya mikono, na hospitali ya weusi wakasema ni ini, lakini watu wa kambi wakasema mengine: kwamba alitiliwa kitu katika pombe mahali ambapo hakupendwa. Mama yao, Mama Mbombo, ndiye aliyemwogesha siku za mwisho. Harusi ikaahirishwa, matanga yakapita, mama akavua nguo nyeusi, na sasa ndugu za Joseph walitangaza kwamba watakuja kumaliza maneno ya posa. Wakija, wakila, wakiridhika, Kapinga ni mke wa mtu. Wasiporidhika, basi. Kapinga hakuwa msichana mdogo tena, naye alijua, na kila mtu aliyempita bombani alijua.

Niliyajua haya yote. Sitaki mtu afikiri kwamba sikuyajua.

Sasa, kwa watu wa upande wa Tata, bakwe, yaani wakwe, wanapokuja hawalishwi kuku kama wageni wengine. Kuku wa bakwe hakatwi vipande wala hapikwi kwa mawese. Anachemshwa mzima, kwa maji na chumvi tu, analetwa na kichwa chake na miguu yake, na firigisi imewekwa juu ya kifua, ili waone kwamba hakuna kilichofichwa ndani ya mchuzi. Mkubwa wao anaichukua firigisi ile, anaila, na akishaimeza maneno yamekwisha. Mwanamke wa nyumba haigusi. Tangu utoto nilikuwa nimeuliza juu ya nini, na tangu utoto nilikuwa nimejibiwa kwa kofi dogo la kisogoni.

Kwa hiyo tulihitaji kuku, na kuku ndio waliokuwa tabu. Kila mwaka, pepo za kabla ya mvua zikianza kupeperusha vumbi jekundu la mgodi, kuku wa kambi walikuwa wanakufa: leo mmoja anapinda shingo, kesho banda zima liko kimya. Wa mwaka uliotangulia walikuwa wamekwisha wote. Safari hii Tata alipata vifaranga weupe wa kizungu kutoka kwa mkulima mmoja kwenye njia ya Mutshatsha, kuku wa nyama, wale wanaonenepa upesi kama uyoga na kufa kwa kutazamwa tu. Mama akawawekea pilipili kwenye maji, kama mama yake alivyofanya.

"Pilipili juu ya nini, Mama?" nikauliza, hata sanduku sijafungua.

"Juu banakunywa na habafe."

"Na wa mwaka jana walikunywa?"

"Balikunywa."

"Wakafa?"

Mama akanitazama. "Weye, balikufundisha kule kubishana na mama yako, ao balikufundisha kitu?"

Hapo ndipo lilipoanza. Nikasema nitawatunza mimi, kwa elimu. Mwalimu wetu mmoja wa mimea alikuwa ametuambia, kwa kupitia tu, akifuta ubao, kwamba mimea yenye harufu kali mara nyingi inajikinga na wadudu, na mimi nikaongeza yangu: kama inajikinga yenyewe, itamkinga na anayeila. (Sikuuliza juu ya nini. Mnaona?) Nikakausha majani ya mpapai, nikaponda vitunguu saumu, pilipili ya Mama nikaiacha ili asinune, halafu nikakumbuka maua. Mbele ya nyumba ya masista kulikuwa na safu ndefu za yale maua ya rangi ya chungwa, madogo, yenye harufu kali inayobaki mkononi hata ukinawa, na mtunza bustani wao aliyakata kila mara na kuyatupa nyuma ya ukuta. Harufu kali! Nikafikiri, dawa ya bure hii. Nikabeba kwa gunia. Kapinga mwenyewe alinisaidia kuyaanika juu ya bati na kuyatwanga katika kinu, akicheka kwamba chakula cha kuku sasa kinanukia kuliko yeye, na tukayachanganya na pumba za mahindi.

Kwa ukweli wa Mungu, kuku wale walistawi. Pepo zilikuja, kambi ikaanza kuzika kuku, na wa kwetu wakazidi kunona, wakitembea kwa madaha kama makarani siku ya mshahara. Jirani yetu Mama Zaina, mke wa mchuuzi aliyetoka upande wa Maniema, alipopoteza wa mwisho wake alikuja kusimama kwenye uzio wetu, mikono kiunoni.

"Mama Kapinga, kuku ya kambi nzima zinakufa, za kwenu zinanona tu? Muliwapa nini?"

Mama akafungua kinywa aseme ni Mungu, kama mtu yeyote mwenye akili angesema. Mimi nikamtangulia.

"Tuliwapa akili, Mama Zaina. Ninyi mnawapa mabaki na maombi."

Alicheka, lakini cheko lake halikufika machoni. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamfuata mpaka mlangoni kwake nikimweleza juu ya mimea na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa Kiswahili kilichojaa Kifaransa, hadi akasema ana sufuria motoni. Siku chache baadaye watu wa bomba walikuwa wanasema kwamba kwa dereva wa mashine kuna dawa, na kwamba binti yao aliyetoka Elizabetville anajua vitu visivyoonekana. Niliona ni sifa. Nilifurahi hata! Nilidhani wananisifu.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi Tata alichinja kuku wa kwanza, yule jogoo mkubwa wa bakwe, akaenda kuvaa suti yake, na mimi na Mama na Kapinga tukabaki nyuma ya nyumba na ndoo ya maji ya moto. Kuku akachovywa. Mama akavuta konzi ya kwanza ya manyoya kifuani, akasimama. Akavuta nyingine mgongoni. Kisha akaondoa mikono, akaifuta kwenye kitenge chake kama mtu aliyeshika kitu asichokijua.

Ngozi ilikuwa ya manjano. Siyo ule umanjano mdogo ambao kila kuku aliyekula mahindi anao, hapana. Ilikuwa manjano ya kiini cha yai, na miguu ilikaribia chungwa, na Mama alipompasua tumbo, mafuta yaliyozunguka firigisi yaling'aa kama nta ya mshumaa wa Pasaka. Manyoya meupe yalikuwa yameyaficha haya yote likizo nzima. Miguu nilikuwa nimeiona, ndiyo, lakini nani anatazama miguu ya kuku katika vumbi la Kolwezi, ambako kila mguu ni mwekundu?

"Yesu," akasema Kapinga.

"Chinja mwingine," akasema Mama. Tukachinja mwingine. Ni yule yule. Wa tatu, vile vile. Kuomba kwa jirani? Hakukuwa na kuku hai katika mtaa wetu wote.

Mama alifikiri haraka, namsifu. "Kapinga, leta mawese. Tutamukata, tutamupika na mawese na nyanya, mutu hataona rangi."

Na hapa, rafiki zangu, ndipo palipokuwa na njia mbili, na ile ya mawese ilikuwa wazi, fupi, tena yenye kunukia. Kapinga alikwisha kuinuka kuchukua chupa. Mimi, niliyeidharau desturi ile tangu nilipopata meno, ndiye niliyeikingia kifua.

"Hapana," nikasema. "Kuku wa bakwe hapikwi kwa mawese. Wataona tunaficha kitu, na mtu anayeficha ndiye mwenye kosa. Tuwape mzima. Wakiuliza, nitawaeleza mimi."

"Utabaambia nini?" akauliza Mama.

"Ukweli. Ni lishe bora tu."

Kapinga alisimama na chupa ya mawese mkononi, akinitazama mimi, akimtazama Mama. Halafu akasema polepole, "Mama, huyu njo alisoma," na akairudisha chupa mahali pake. Aliniamini. Nikikaa kimya sana bado ninaisikia ile chupa ikigusa rafu.

Walikuja mchana, pamoja na king'ora cha kubadilisha zamu. Mbele alikuwa Tata Kalala, mjomba wa Joseph na mkubwa wao, mtu mrefu mwenye kofia aliyoishika kifuani kana kwamba ina kitu ndani. Nyuma yake Mama Mbombo, aliyekonda tangu msiba, kitenge kipya cha rangi ya maziwa, halafu Joseph, tai imemkaba, na ndugu wengine wawili watatu waliokuja kula. Salamu zikaenda vizuri. Maneno yakaenda vizuri. Tata Kalala alisema methali, Tata akamjibu kwa nyingine, wakacheka wote wawili, na nikamwona Kapinga kwenye mlango wa chumba akishusha mabega. Bado kidogo tu. Bado kula.

Mama aliweka sahani kubwa katikati ya meza, imefunikwa na sahani nyingine. Tata Kalala akanawa, akajifuta, akasema sala fupi, akafunua.

Jogoo alikaa pale katika mchuzi wake. Maji na chumvi vilikuwa vimemfanya awe wa manjano zaidi, sijui vipi, na juu ya mchuzi yalielea macho ya mafuta, duara kwa duara, manjano matupu, yakitutazama. Firigisi ilikuwa juu ya kifua kama desturi inavyotaka, imevaa mafuta yake.

Mama Mbombo akatoa sauti ndogo, siyo kilio, ni kama mtu aliyechomwa sindano, na akasema bila kumwambia mtu:

"Rangi ya Albert."

Kama ardhi ya Kolwezi, iliyochimbwa vile kila upande, ingeporomoka chini ya kiti changu wakati ule, ningeshukuru. Nilikuwa nimefikiri juu ya kuku. Nilikuwa nimefikiri juu ya maua, na wadudu, na jinsi nitakavyowaeleza, kwa utaratibu, kwa lugha nyepesi. Sikuwa nimemfikiria mwanamke aliyeogesha mwili wa rangi ile kwa mikono yake mwenyewe.

Tata Kalala aliirudisha sahani ya juu mahali pake, taratibu. "Tata Kapinga," akamwambia baba yangu, "sisi tulisikia maneno ya batu kule kwa bomba. Tukasema, ni wivu ya kambi. Kuku ya kila mutu inakufa, ya kwenu haikufe. Sawa. Lakini sasa munatuletea hii?"

"Kaka, hakuna kitu," akasema Tata. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. "Ni chakula tu balikula. Mutoto wangu ataeleza, njo yeye alibachunga."

Wote wakanigeukia. Nikasimama. Hata nilikunja mikono mgongoni, kama tulivyosimama chuoni kujibu mtihani wa mdomo.

Nikaeleza. Majani ya mpapai, vitunguu saumu, pilipili, maua ya masista.

"Maua," akasema Tata Kalala. "Mulipatia kuku maua."

"Ndiyo, Tata. Ni dawa."

"Ah, ni dawa."

"Hapana! Si dawa hiyo. Dawa ya kuwapa nguvu, wasiugue."

"Na hii rangi, inatoka kwa nini? Kwa jani? Kwa pilipili? Kwa maua?"

Sikujua. Nilikuwa nimewachanganyia vyote pamoja, kuku wote, tangu siku ya kwanza, na sikumtenga hata mmoja asile, ili nimlinganishe na wengine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingefanya hivyo. Na mimi nilikuwa nimeshauvuka mwaka huo. Sikujua kama ni maua au ni vitunguu, sikujua kama ndivyo vilivyowakinga au ni bahati, na sasa nikajiuliza mwenyewe: na kama kweli ni ini? Kama kweli ni wagonjwa?

"Munyewe mulikwisha kukula moja?" akauliza Tata Kalala.

Hatukuwa tumekula hata mmoja. Tuliwatunza kwa ajili ya bakwe.

Ndipo akaniuliza lile swali. Hakuliuliza kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi: aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Weye mutoto wa masomo, utuambie: kuku gani muzima iko na rangi kama hii?"

Joseph alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba. Sema kitu, yalisema, sema kitu chochote. Kapinga alikuwa ameshika mlango. Nami sikuwa na maneno, kwa hiyo nikatafuta kitendo. Nikawaza: kama wanaogopa sumu, aliyepika ale kwanza. Ndivyo wanavyofanya wenye pombe, anayeitoa anaonja mbele ya watu. Akili safi kabisa! Nikainama, nikafunua sahani, nikachukua kilichokuwa karibu, nikakitia mdomoni chote.

Nilikuwa nimechukua firigisi.

Nilijua kabla meno hayajafika. Nilijua kwa sauti ya Mama, aliyesema jina langu la ubatizo, ambalo hakulitumia kamwe. Firigisi ya bakwe, tamko la mwisho la posa ya dada yangu, ilikuwa ndani ya mdomo wa mtoto wa kike wa nyumba, mbele ya mwenyewe, Tata Kalala, aliyekwisha kunawa ili aile. Kuitema? Kutema chakula cha bakwe mbele yao, baada ya yote yale? Kuimeza? Firigisi ya jogoo mkubwa wa kizungu, iliyochemshwa kwa haraka, haimezwi. Nikatafuna. Watu wote walinitazama nikitafuna. Ilikuwa kama kutafuna raba ya baiskeli. Nilitafuna kushoto, nikaihamisha kulia, nikatabasamu (ndiyo, nilitabasamu, huku shavu limevimba), nikamwitikia Tata Kalala kwa kichwa, kana kwamba namwambia unaona, hakuna shida, na nikaamua sasa, imeze, imeze tu.

Ikakwama.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, macho yakajaa maji, nikashika koo kwa mikono miwili, nikarudi nyuma nikagonga benchi, nikajishika kwenye meza ili nisianguke, lakini nilichokishika ni kitambaa cha meza. Jogoo akaondoka na sahani yake. Mchuzi wote, macho yale yote ya manjano, ukaenda kwenye mapaja ya Mama Mbombo, kwenye kitenge chake cha rangi ya maziwa.

"Anakufa!" mmoja wao akapiga kelele. "Sumu! Anakufa!"

Tata alinipiga mgongoni, firigisi ikaruka, ikaangukia mbele ya viatu vya Tata Kalala. Nilikuwa hai. Nilitaka kuwaambia kwamba niko hai, kwamba ni ugumu wa nyama tu, lakini sauti haikutoka, na nyumba ilikuwa tayari imejaa viti vinavyoanguka. Mama Mbombo hakupiga kelele kama wengine. Alisimama, akautazama ule umanjano unaosambaa kwenye nguo yake, akausugua kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na ulipokataa kutoka akaanza kulia. Joseph akamshika mkono akamtoa nje. Mlangoni aligeuka kumtazama Kapinga. Sijui alitaka kusema nini.

Nje, kando ya uzio, nusu ya mtaa ilikuwa imekusanyika, na Mama Zaina mbele yao. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Hawakurudi. Tata alikwenda kwao mara mbili, suti ile ile, akapokelewa nje ya mlango. Joseph alimngoja Kapinga siku moja karibu na kanisa, wakazungumza wakiwa wamesimama, na baiskeli katikati yao, naye akamwambia kwamba hawezi kumletea mama yake mke ambaye kila akimtazama atamkumbuka marehemu. Mwaka uliofuata alioa mwingine huko Manika, na tuliisikia ngoma yake kutoka kwetu. Kapinga hakunigombeza. Alikuwa ananipa sahani yangu, ananiwashia taa, ananiuliza kama nina nguo za kufua, yote kwa adabu, kama mtu anayemhudumia mpangaji. Aliolewa baadaye sana, na mgane mmoja wa Tenke mwenye watoto wakubwa, na sijamsikia akicheka tena kama alivyocheka akitwanga yale maua.

Na kuku? Hakuna aliyetaka kuwanunua wala kupewa bure. Mama, ambaye hajawahi kutupa hata ganda la muhogo, alikataa kuwaonja. Mimi mwenyewe nilikataa, na hapo mjue imani yangu katika elimu yangu ilikuwa imebaki kiasi gani. Tata akanipa jembe, akasema, "Weye njo ulibalisha, weye utabazika." Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, katika ardhi ile nyekundu ngumu, huku mtaa mzima ukiwa na njaa ya nyama, na nikawazika mmoja mmoja, wanene, wazito, wenye afya kuliko sisi wote. Juu yake Mama alimwaga chokaa.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. Sitasimama tena kueleza kitu ambacho sijakijua kwa sababu tu nina aibu ya kusema sijui. Na nikialikwa mahali, kuku akaja mezani, mikono yangu inabaki mapajani mpaka kila mtu mwingine amechukua. Watu hudhani ni adabu ya Kasai.

Miaka mingi ilipita, nikawa nafanya kazi mbali na Kolwezi, katika maabara ya mifugo, na siku moja daktari mmoja wa kuku, mama mzee mwenye mikono myepesi, alikuwa anapasua mizoga mezani na kuipanga, ya manjano upande huu, ya rangi ya maziwa upande ule. Nikamwuliza juu ya nini. Akasema bila kuinua kichwa kwamba rangi ile inatoka kwenye mahindi na maua anayokula kuku, inapita tumboni na kukaa katika ngozi na mafuta, na tumbo lenye ugonjwa haliwezi kuinyonya. Wale weupe ndio wagonjwa. Kuku mgonjwa hawezi kuwa wa manjano.